Dakika Moja Mezani kwa Ha-rim

Ha-rim na Gyeong-tak walikutana kwenye msongamano wa soko la Mangwon, wakigombea sahani ya mwisho ya keki za mchele zenye pilipili. Muuzaji aliwagawia nusu kwa nusu. Ha-rim, sweta la njano likimpwaya, alimaliza yake akahamia ya mwenzake.

"Dada, tumbo lako halina mlango?" Gyeong-tak alimtania.

"Linao, ila wa kuingilia tu."

Tangu siku hiyo wakapendana. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Waliosema hivyo hawakuzijua kampuni za muziki za Seoul. Ha-rim alikuwa mmoja wa wasichana watano walioandaliwa kutoa albamu yao ya kwanza, na kwao mapenzi yalikuwa marufuku. Akawa anajifungia bafuni kumpigia mpenzi wake kwa kunong'ona, hadi meneja alipombamba akamnyang'anya simu. Gyeong-tak alipiga, akapiga tena, mwisho akaamini kwamba ameachwa.

Albamu ilitoka maua ya micheri yakipukutika. Kama ilivyo ada, wasichana waliketi kwenye meza ndefu kuwasainia mashabiki, kila shabiki na dakika yake. Ha-rim, ndani ya gauni la waridi, aliinua uso akamwona Gyeong-tak mbele yake. Kijana alivua kofia. Kichwa kilikuwa kimenyolewa.

"Jumatatu naingia jeshini, zamu yangu ya lazima imefika," alisema kwa sauti ya chini. "Nijibu moja tu. Kunyamaza kwako kulikuwa hiari yako? Kama walikulazimisha, niambie. Nikitoka nitakufuata popote."

Meneja alisimama nyuma ya kiti. Kamera za mashabiki zilikuwa kila upande. Pembeni ya Ha-rim, Da-on, mdogo kuliko wote kundini, alikuwa akicheka na shabiki mtoto. Neno moja likinaswa, kesho yeye na wenzake wangezama pamoja na albamu yao. Ha-rim alimpenda mwanamume huyu kuliko alivyopenda kuimba, na hilo ndilo lililomuua.

"Ilikuwa hiari yangu," alisema, akitabasamu kama alivyofundishwa. "Kula vizuri huko. Usiugue."

Gyeong-tak aliinama, akamshukuru kama shabiki yeyote, akaenda zake. Albamu aliyosainiwa aliiacha mezani, wino haujakauka.

Mlinzi aliisogeza kando akamwita anayefuata. Msichana wa shule aliketi kwa furaha, akamwomba Ha-rim amfanyie alama ya moyo kwa vidole.

Ha-rim akamfanyia.