Malango Tisa ya Bibi Leah

Kila asubuhi, Mama akiwa bado anakaanga nyama ya nguruwe ndani ya boti, mimi nilikuwa nimeshamvalisha farasi wetu hatamu. Baba alimwongoza farasi kandokando ya mfereji, Mama alishika usukani, nami nilitangulia kwa baiskeli na hendeli yangu ya chuma, ya kufungulia na kufungia maji, kuandaa malango ya maji, yale mabirika yenye milango ya kupandishia na kushushia boti. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijiona hakuna kama mimi.

Boti inayopanda kilima hulitaka lango likiwa tupu, iingie, kisha maji yalijaze lango na kuiinua boti. Inayoteremka hulitaka limejaa. Basi sisi watu wa boti tuna sheria moja: ukikuta lango limeandaliwa kwa ajili ya mwenzako aliye njiani, hilo ni lake. Unasubiri. Uwe na haraka ya namna gani, unasubiri.

Ijumaa ile tulikuwa tunapanda kilima cha Hollin, chenye malango tisa. Juu kulikuwa na gati la makaa, na anayefika kwanza ndiye hupakia kwanza. Nilikuta malango yote tisa yamejaa pomoni. Kwa mbali nikaona kofia nyekundu ya Thirza Pargeter, anaikimbilia boti yao, iliyokuwa inakuja kuteremka, baada ya kuyajaza. Wiki moja kabla alikuwa ameniita konokono mbele ya watoto wenzetu.

"Leo utamjua konokono," nikasema peke yangu. Nikateremka nikiyamwaga maji, lango moja baada ya jingine, huku nacheka.

Tulikutana nao juu ya lango la nne kutoka chini. Baba yake Thirza, ambaye watoto wote wa boti tulimwita Mjomba Enoch, alikuwa ameloa jasho. Matano ya juu ilibidi ayajaze upya, na malango ya Hollin ni mazee, yanajaa polepole. Saa nzima na zaidi ilikuwa imepotea.

"Noah," akamwambia Baba, "kuna mtu kayamwaga malango yangu. Ni nyinyi?"

Baba akanigeukia. "Rhoda, ni wewe?"

"Hapana, Baba. Nimeyakuta hivyo hivyo. Labda Thirza hakuyajaza."

"Nimeyajaza!" Thirza akalia. "Haki ya Mungu, Baba, yote nimeyajaza!"

"Nyamaza!" Mjomba Enoch akamfokea. "Kazi moja tu nimekupa leo, moja tu!"

Wakapita. Thirza alikuwa anajifuta machozi kwa kofia yake. Mimi nilitazama kwato za farasi.

Kesho yake, tukiwa gatini, habari ikatufikia. Bibi Leah, mama yake Mjomba Enoch, alikuwa amelazwa hospitali ya mji wa chini, naye alikuwa ameomba aletewe mwanawe na mjukuu wake. Walifika hospitali robo saa baada ya yeye kukata roho.

"Na yule mtoto hali wala halali," Mama akasema huku akitikisa kichwa kwa huruma. "Anasema huenda kweli hakuyajaza vizuri, yeye ndiye aliyewachelewesha. Maskini Thirza."

Niliuweka mkate wangu chini. Nikalia mpaka Mama akaniacha nilie, halafu nikamwambia kila kitu. Hakunipiga. Alivaa shali yake, akanishika mkono, tukateremka kilima kwa miguu.

Boti ya akina Pargeter ilikuwa imesuguliwa, kamba zake zimefuliwa hadi zikawa nyeupe, kama tufanyavyo boti inapokwenda kubeba maiti. Thirza alikaa mlangoni.

"Mjomba Enoch," nikasema, "malango niliyamwaga mimi. Thirza aliyajaza yote tisa. Nilisema uongo."

Thirza akainuka pale mlangoni. Kisha akaniuliza, "Ulinisikia nikigombezwa, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Ondoka hapa."

Mjomba Enoch alimvuta binti yake kifuani. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia. Alilia waziwazi, mtu mzima yule, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha akanitazama. "Keshokutwa mama yangu anapanda Hollin, kwenda kuzikwa kanisani juu. Njoo na hendeli yako."

Jumatatu nilianza kazi alfajiri. Niliyamwaga malango yote tisa kwa ajili ya boti iliyobeba jeneza. Boti nyingine zilikuwa zimefunga kamba kandokando, wanaume wamevua kofia, na hakuna hata mmoja aliyegusa lango. Kwenye lango la tisa mikono iliniishia nguvu, mlango ukagoma. Nikasikia mtu anasukuma kando yangu. Alikuwa Thirza. Hakunitazama, lakini alisukuma mpaka mlango ukafunguka.

Baada ya maziko Mjomba Enoch aliniita.

"Rhoda, saa uliyoninyima huwezi kunirudishia, hata ufanye nini," alisema. "Hilo utaishi nalo, kama nami nitakavyoishi nalo. Lakini mwanangu umemtua mzigo usio wake. Siku nyingine ukikosa, sema palepale, mtu akiwa bado analia mbele yako. Usingoje afe mtu."

Nimezeeka sasa, na boti za farasi hazipo tena. Bado nikikuta lango limejaa, huketi chini nikasubiri.