Mwaka wa Matembezi

Walikutana Soko la Jumatatu, Plovdiv, Bulgaria, kila mmoja kashika upande wake wa kreti la mwisho la pilipili nyekundu za kuchoma. Nurten alikuwa na koti jeupe la duka la dawa na kitambaa cha kijani kichwani. Svilen, fundi lifti, alinuka grisi.

"Chukua wewe," alisema Svilen, "ila unialike kula."

"Kwanza ukaoge, kaka."

Wakagawana. Kufikia majira ya baridi, hakuna aliyelala bila kumpigia mwenzake simu.

Mama yake Nurten alikuwa mgonjwa huko Bursa, Uturuki. Siku moja, wakinywa kahawa kwa Svilen, Nurten alisema angependa wakishaoana wahamie huko. Svilen akamtania: "Nyie Waturuki wa huku mnapenda matembezi. Mwaka themanini na tisa mlikwenda Uturuki, mkarudi. Sasa tena?"

Nurten akaweka kikombe chini. "Umesema matembezi?"

"Si ndivyo kila mtu anavyouita mwaka ule, mpenzi? Matembezi Makubwa."

"Serikali ilitupa pasipoti za watalii na siku moja ya kufunga mizigo. Mdogo wangu alikufa kwa joto kwenye foleni ya mpakani. Tulifukuzwa, Svilen."

Svilen angenyamaza hapo, pengine yangekwisha. Lakini alijiona anashtakiwa yeye, aliyekuwa mtoto wakati ule. Akasema wengine waliondoka kwa hiari, na kwamba "kufukuzwa" ni neno la wanasiasa. Nurten akavaa koti lake, akatoka.

Simu za Svilen hazikupokelewa. Akaenda kwa mama yake kijijini, akamwuliza mwaka ule ilikuwaje. Mama, akimenya viazi, alisema ng'ombe wa majirani Waturuki walilia bandani usiku kucha, hawana wa kuwakamua.

"Na mkayaita matembezi?"

"Tungeyaitaje, mwanangu, halafu tukalala?"

Alimkuta Nurten kituo cha mabasi, sanduku lake limeshapakiwa kwenye basi la Bursa.

"Mlifukuzwa," alimwambia. "Nililitamka lile neno la matembezi kama jina la mtaa tu. Nisamehe."

Nurten akamshika shavu. "Nimekusamehe, na nakupenda. Ila sitaweza kukaa mezani kwenu nikingoja nani atalisema tena."

"Nitawakataza."

"Watanyamaza, nami nitalisikia vilevile."

Akapanda. Svilen alitaka kumtakia safari njema, ila safari nayo ilifanana mno na matembezi. Akabaki na kiganja juu ya kioo cha dirisha lake, mpaka basi lilipoanza kusogea.