Jaketi Namba Kumi na Nne

Mimi nashona sare za shule. Miaka ishirini na mbili sasa, cherehani ileile, dirisha lilelile. Shule zikikaribia kufunguliwa chumba changu kinajaa wazazi, na maneno yao ni yaleyale.

"Fundi, mwongezee kidogo. Anakua huyu."

"Inchi mbili zinatosha?"

"Weka tatu. Mwaka huu anarefuka kama analipwa."

Basi naweka tatu. Mtoto anaondoka shingo imezama kwenye kola kama kobe. Sijasikia mtu aliyekufa kwa sababu ya sweta kubwa. Ndiyo maana jambo hili nilichelewa kulielewa.

Ijumaa moja binti yangu alirudi na gunia begani. Ana miaka ishirini na tatu. Alikuwa amepata kazi kwenye bwawa linalolisha mji maji. Kazi ya kuzamia. Wazamiaji wanabeba mtungi wa hewa mgongoni, wanashuka mpaka kwenye wavu wa pampu, wanaondoa magugu na takataka. Wewe ukifungua bomba uoshe uso, kuna mtu alishuka gizani kwa ajili yako. Mama yake aliifanya kazi hiyo. Ndiyo iliyomuua.

Nilikataa mwezi mzima. Binti alinijibu mara moja tu.

"Sawa, baba. Nitafutie nyingine."

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

"Wamenipa jaketi," alisema siku hiyo. "Mafunzo yamekwisha. Jumatatu nashuka."

Alilitua mezani juu ya sketi za watu. Jaketi la kuelea si nguo ya baridi. Ndani yake kuna mfuko wa hewa. Mzamiaji akibonyeza kitufe kimoja, hewa inatoka kwenye mtungi na kuingia humo, naye anapanda. Akibonyeza kingine, hewa inatoka, anashuka. Ndilo linalombeba.

"Vaa nikuone."

Alivaa. Nilicheka, Mungu anisamehe.

"Humo mnaingia wewe na mjomba wako."

"Mtunza stoo anasema ni saizi moja kwa wote. Eti nikaze mikanda."

Alikaza mpaka mwisho. Ngumi yangu bado ilipita kati ya jaketi na mbavu zake.

"Vua. Nitalipunguza."

Kupunguza nguo kwangu ni kazi ya dakika kumi. Nikachukua chaki, nikaligeuza nipate ubavu. Hapo nikaona kitambaa. Kilikuwa kipande cha maruni, cha sketi za shule, kimefungwa fundo kuunganisha mikanda ya pembeni. Kimefifia, lakini nguo niliyokata mwenyewe naijua. Nikatazama mgongoni. Namba kumi na nne.

Nilikaa chini.

Miaka mitatu nyuma mke wangu alilileta jaketi hilohilo kwenye chumba hikihiki.

"Mume wangu, nipunguzie. Linanipwaya."

Nilikuwa na sketi arobaini za kumaliza. Nikamwambia kesho. Akaokota kipande sakafuni, akajifungia mwenyewe, akaniambia, "Haya, Bwana Kesho." Kesho yake alienda kazini hakurudi.

Ofisi ilileta barua. Mimi niliishia darasa la nne, lakini neno moja nililisoma vizuri sana. Uzembe. Uzembe wa marehemu. Wakubwa wa ofisi ile hawana uzembe hata siku moja. Uzembe ni wa wanaolowa.

Lakini na mimi nilikuwa na barua yangu moyoni, sikumwonyesha mtu. Ilisema: ungelishona siku ile, angekuwa hai.

"Baba, vipi? Mbona umekaa?"

"Hakuna kitu. Nenda kapumzike."

Sikumwambia lilikuwa la nani. Nikatia uzi mnene. Safari hii hakuna kesho. Sindano ilikuwa tayari juu ya ubavu, mguu wangu kwenye pedali, mlango ukasukumwa.

Aliyeingia ni jirani yetu, tunamwita Mama Mitungi. Anajaza mitungi ya hewa pale bwawani. Zamani alizamia, miaka kumi na mitano, mpaka sikio moja likaharibika. Tangu hapo anaongea kama anaita mtu ng'ambo. Alikuja kuchukua gauni lake.

"Wee fundi! Toa mguu! Toa mguu hapo!"

Nikatoa.

"Unafanya nini?"

"Napunguza ubavu. Linampwaya."

"Huo ubavu ndio mfuko wenyewe! Tundu moja la sindano linatosha kuvujisha hewa. Wewe utapiga mia mbili, tena kwa mstari ulionyooka, maana ni fundi hodari."

Binti yangu alitoka chumbani aliposikia kelele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vaa hili tena. Nataka baba yako aone."

Alivaa. Mama Mitungi akashika bomba la pembeni, akapuliza kwa mdomo mpaka jaketi likavimba. Kisha akalishika mabegani kwa mikono miwili.

"Jifanye umechoka. Legeza mwili."

Akavuta juu. Jaketi likapanda mpaka masikioni mwa binti yangu, kisha likapita. Kidevu chake kikazama ndani.

"Umeona, fundi? Huko majini ni hivihivi. Umechoka, unabonyeza hewa, unadhani umepona. Jaketi linapanda, mwili unabaki chini. Linaloelea ni jaketi." Akamgeukia binti yangu, akashusha sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ndivyo tulivyomkuta mama yako. Jaketi limejaa, linaelea vizuri kabisa. Yeye yumo ndani yake, uso umezama."

Binti yangu alishika kile kitambaa cha maruni.

"Hili lilikuwa lake?"

"Lake," nikasema. "Aliniomba nilipunguze. Nikamwambia kesho. Ningelishona siku ile..."

"Ungelishona lingevuja," Mama Mitungi alisema. "Angekufa vilevile, fundi. Huwezi kulitengeneza jaketi lisilo la mtu likawa lake. Alipaswa kulikataa. Na hakuna aliyemfundisha kukataa. Hata mimi sikumfundisha, na nilikuwa nakunywa naye chai kila siku."

Sikujua kama hilo lilikuwa la kunifariji. Mzigo ni uleule, ulihama bega tu.

Binti alivua jaketi, akaliweka chini kama kitu cha moto.

"Sasa nitajuaje linalonifaa?"

"Kwanza, lijaribu ukiwa umevaa suti yako ya mpira, ile ya kushukia. Kaza mikanda. Mtu avute mabega juu. Likipanda kufika masikioni, si lako. Halafu lijaze hewa mpaka mwisho, uvute pumzi ndefu. Likikubana mbavu usiweze kupumua, hilo nalo si lako."

"Lakini kubwa si ndilo lenye nguvu?" nikauliza.

"Hayo ni mambo yako ya sweta. Liwe na nguvu ya kumbeba yeye, mtungi na vile vipande vizito vya kiunoni, basi. Likizidi sana, hewa inahamahama ndani. Mara amelala ubavu, mara miguu juu. Na ajue vitufe kwa vidole, macho yamefumba. Cha kujaza kiko wapi, cha kutoa kiko wapi. Kule chini huoni kitu."

"Na nikitaka kujua kama linavuja?"

"Lijaze, liache nusu saa. Likilegea, linavuja. Lirudishe, apewe fundi wa vifaa hivyo. Siyo huyu wa sketi."

"Mama, stoo hakuna dogo."

Mama Mitungi akacheka kicheko kibaya.

"Lipo. Jipya, nailoni yake haijatolewa. Liko rafu ya juu. Ni la wageni."

"Wageni gani?"

"Wakaguzi. Wakija, mmoja anavalishwa, anapigwa picha, linarudi rafuni."

Nilitamani kuvunja kitu. Nilikuwa na sketi za watoto wa watu tu mbele yangu. Nikazikunja.

Jumatatu tulikwenda watatu. Nilibeba gunia mwenyewe. Mtunza stoo, ambaye wote wanamwita Funguo kwa zile funguo kiunoni, alikuwa nyuma ya dirisha lake la wavu.

"Nataka dogo," binti yangu alisema.

"Saizi moja kwa wote, dada."

"Wewe na mimi tunavaa suruali moja?"

Wazamiaji waliokuwa nyuma wakacheka. Funguo hakucheka.

"Lile la juu ni la wageni."

"Wageni wanashuka kwenye wavu?"

"Usinipotezee muda. Pampu imeziba, mji hauna maji."

"Basi chukua hili, ushuke wewe."

Kelele zilimtoa meneja ofisini. Viatu vyake vilikuwa vikavu, vinang'aa. Alimtazama binti yangu juu mpaka chini.

"Siku ya kwanza kazini, tayari una maneno?"

"Mama yangu hakuwa na maneno," binti yangu alijibu. "Unamkumbuka?"

Nikalitoa jaketi kwenye gunia, nikaliweka dirishani, namba ikiwa juu. Meneja aliisoma. Nilimwangalia usoni nione kama kitu kitabadilika. Hakuna kilichobadilika. Alitazama saa yake.

"Mpe. Atie sahihi."

Ndivyo mtu anavyookolewa kwenye ofisi ile. Pampu iwe imeziba na bosi awe na haraka.

Mama Mitungi hakuwa na haraka. Alilijaribu lile dogo nusu saa nzima, meneja akizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Halikulegea. Akavuta mabega, halikupanda. Binti akafumba macho, akagusa kila kitufe. Funguo akapita na vipande vya risasi, yale madini mazito wanayofunga kiunoni ili washuke.

"Mwongezeni aende chini upesi."

"Rudisha," Mama Mitungi alimwambia. "Risasi zikizidi, kila saa anapigana na jaketi." Akamgeukia binti. "Ingia hapo pembeni. Toa hewa yote kwenye jaketi. Vuta pumzi, tulia. Maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole."

Aliingia. Maji yalifika kidevuni tu. Akaongezewa kipande kimoja, yakafika machoni. Akatoa pumzi, akazama taratibu.

"Ongeza kimoja kidogo. Mtungi ukikaribia kwisha unakuwa mwepesi. Na ujue kufungua huo mkanda kwa mkono mmoja, uuachie ukipata taabu."

Kisha akaenda na mwenzake kwenye wavu, wakashuka. Mimi nilibaki na mapovu. Niliyahesabu. Yakipungua, nilishika ukingo. Mke wangu alikuwa na mapovu kama hayo, na hakuna aliyekuwa akiyahesabu.

Baada ya dakika thelathini na tano kichwa kilitokea. Kisha mabega. Alibonyeza, jaketi likajaa, likabaki palepale lilipokuwa. Uso ulikuwa juu, mbali na maji. Alitoa kidude cha mdomoni.

"Baba! Hili mjomba haingii!"

Nilimpungia mkono.

Tulipokuwa tunaondoka Funguo aliniita.

"Mzee, namba kumi na nne irudi rafuni. Mali ya ofisi. Jumatano kuna kijana mpya."

Mkasi wangu wa kukatia huwa natembea nao. Nililitandaza juu ya dirisha lake. Kwanza nilifungua lile fundo la maruni, nikalitia mfukoni. Halafu nikakata, kutoka kola mpaka chini, nikapita katikati ya mfuko wa hewa.

"Utaandikiwa barua!"

"Iandikeni."

Barua ilikuja wiki iliyofuata. Uharibifu wa mali ya ofisi. Nimeigongomea misumari ukutani juu ya cherehani. Wazamiaji wapya sasa binti yangu anawaleta kwangu kwanza, niwapime kifua na kiuno, waende stoo na kipimo mkononi. Wameshakuja sita. Wawili walirudisha walichopewa. Funguo ananiita adui.

Kila anayekuja ananiuliza barua ile ni ya nini. Namwambia inua mikono, nizungushe futi. Akishainua, namweleza.