Nyumba Isiyokuwa na Kadi

Alasiri moja, mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, katika afisi ndogo ya nyumba huko Mji Mkongwe, Muhiddin aliita nyumba isiyokuwa na watu, na nyumba ikaitika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha tu. Afisi ilikuwa na orodha mbili zisizojuana. Moja ni daftari la nyumba zote za mjini, kila nyumba na nambari yake. Ya pili ni kasha la kadi za watu, kila kadi ina jina la mtu na nambari ya nyumba anayokaa. Mkuu wa afisi alitaka orodha hizo ziunganishwe, nyumba na watu wake wasomeke katika mstari mmoja. Basi Muhiddin alikaa dirishani na daftari lake akiita nambari kwa sauti kubwa, na mwenzake Mcha, mtu wa Tumbatu, alikaa upande wa pili wa chumba na kasha, akitafuta kadi zenye nambari ile ile na kujibu kwa majina. Nambari zikikutana, Muhiddin anaandika. Nyumba ikikosa kadi, anaandika "tupu" na kwenda mbele. Kazi haikutaka akili zaidi ya hiyo.

Nyumba ile ilikuwa ya ghorofa moja, uchochoroni Kiponda. Muhiddin aliita nambari yake, Mcha akapekua kadi, kimya. Akaita tena kwa nguvu zaidi, maana Mcha alikuwa na tabia ya kutosikia pale alipochoka.

"Naam," mtu akaitika.

Sauti ilitoka nyuma ya kiti cha Muhiddin, ambako palikuwa na ukuta tu, na pamoja nayo ikaja harufu ya nywele zilizoungua.

"Umesema wewe?" Muhiddin aliuliza.

"Mimi sijafungua mdomo," Mcha alinong'ona. Uso ulikuwa umemparara. "Iandike tupu, Muhiddin. Iandike upesi tuondoke hapa."

Muhiddin hakuiandika tupu. Tuseme ukweli, tamaa ilimwingia. Yeye, mkewe Time na binti yao Mwanakheir walikaa chumba kimoja cha kupanga huko Ng'ambo, mvua ikinyesha wanapanga ndoo juu ya kitanda, na kifua cha mtoto hakikuwa kikipoa. Hapa palikuwa na nyumba nzima ya mawe yenye paa zima. Alichukua kadi yake mwenyewe kutoka kwenye kasha, akafuta nambari ya zamani, akaandika ile, kisha akaingiza jina lake, la mkewe na la mwanawe katika mstari wa nyumba ya Kiponda.

"Kilichoitika kinakaa humo," Mcha alisema. "Unakiunganisha na mkeo na mwanao, ndugu yangu."

"Hebu niondokee. Upepo huo."

Upepo hausemi naam, na Muhiddin alilijua hilo vizuri kama wewe na mimi. Lakini alikuwa ameshaamua.

Walihamia Jumamosi. Time alifurahi mpaka akalia. Alipita chumba kwa chumba akigusa kuta kwa viganja, akasema hapa atalala Mwanakheir, hapa tutaweka kabati. Jumatatu mchana alikaa ukumbini kukuna nazi. Akisuguasugua kwenye mbuzi, huko juu darini mtu naye alikuwa akikuna nazi. Alipoacha, wa juu alikuna mara moja zaidi, kisha akaacha.

"Babake Mwanakheir," alimwambia mumewe aliporudi kazini, "huko juu kuna watu?"

"Hakuna mtu. Nyumba yetu peke yetu."

"Basi mbona wako sawasawa na sisi? Nnatwanga, wanatwanga. Mtoto akicheka na wao wana mtoto anacheka."

Muhiddin alikohoa ili apate la kusema. Juu, mwanamme akakohoa.

Kikohozi kile kilimkata maini, lakini angesema nini? Kwamba aliwaleta hapa kwa kalamu? Jioni yake Mwanakheir alijikwaa ngazini akachunika goti, akalia kidogo kama walivyo watoto. Huko darini kilianza kilio kingine, cha uchungu mkubwa mno, kikapanda mpaka vyombo vikatetemeka, na kilipokatika zilisikika hatua za mtu mzito zikija kwenye ngazi, na harufu ya nywele zilizoungua ikashuka mbele yake, na kabla hawajaona chochote ile mbuzi ya kukunia nazi iliinuka sakafuni peke yake, ikapita hewani, ikampiga Time kwenye paji la uso. Damu ilimjaa machoni. Muhiddin alimkimbilia, naye akapigwa kofi lililomwangusha chali, kofi la mkono mkubwa uliokuwa na joto la pasi.

Walitaka kutoka. Mlango haukukubali, si kwa mabega wala kwa shoka. Mwanakheir alisimama katikati ya ukumbi, nywele zake zimeinuka wima kana kwamba kuna aliyezishika kwa juu, akasema kwa sauti ya mzee wa kiume:

"Umetuita, tumeitika. Umetuandika pamoja. Mke wetu sote. Mtoto wetu sote."

"Mwachie!" Time alipiga kelele. "Mwachie mwanangu!"

Muhiddin alimkumbatia mtoto amvute. Mtoto alimng'ata mkono akatoka na kipande cha nyama, akakitema sakafuni, akacheka.

Asubuhi Mcha alikuja kuuliza kwa nini mwenzake hakufika kazini. Mlango, uliowakatalia watatu kutoka, ulimfungukia yeye bila taabu. Alipanda vidato vichache tu. Muhiddin alimwona akiinuliwa kwa shingo, akagongeshwa ukuta wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akatupwa barabarani na meno yake yakamfuata. Alijiinua kwa magoti. Mdomo umejaa damu, akasema neno moja linaloeleweka, "Shangazi," akaenda zake akiyumba, na mlango ukajifunga tena.

Shangazi yake alikuwa Bi Sichana, Mtumbatu mwembamba aliyejulikana kwa kazi ya kutoa mashetani toka Nungwi mpaka mjini. Alifika baada ya adhuhuri na chetezo cha ubani mkononi, akaingia bila kusitasita.

"Shikamoo, Bi Sichana," Muhiddin alisema akiwa amelala sakafuni, maana kuinuka hakuweza.

"Marahaba. Nani kakuleteni humu?"

"Mimi. Nlituandika."

Alimweleza yote. Bi Sichana alisonya. "Basi nenda ukafute."

"Haifutiki, bibi. Mkuu alishapeleka daftari jipya, na kadi za zamani zimechomwa. Hakuna tena pa kuonyesha kuwa tulikuwa mbali mbali."

"Hamna akili nyinyi. Mnaunganisha vitu kisha mnachoma vilivyotoka." Alipiga magoti karibu na mtoto. "Huko afisini mnaita watu kwa baba zao. Hawa wa juu hawajui baba. Hawa humshika mtu kwa jina la mamake, na mimi humtoa kwa jina hilo hilo. Lakini husemwa sikioni, sikioni hasa, mdomo umegusa ngozi. Likisikika nje ya sikio, kila aliyemo atalichukua liwe lake."

Alimnong'oneza Mwanakheir jina lake na la Time. Mtoto alijikunja, akatapika maji meusi yenye nywele, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Alimtegea Muhiddin sikio apewe jina la mamake, akamnong'oneza, na Muhiddin alihisi kitu kikimchomoka mgongoni kama msumari. Ndipo akamgeukia Time, akamtegea sikio.

"Mamako nani, mwanangu?"

Time alimtazama. "Sijui," alisema. "Alikufa akinizaa. Baba alimwoa kwa siri, na shangazi zangu walionilea huko Chukwani walikataa kumtaja. Nliuliza mpaka nkachoka."

Kitu kilichokuwa juu kilisikia. Kilishuka ngazi zote kwa mpigo mmoja, kikamshika Time mkono wa kulia na kuuvunja, mfupa ukalia pa, ukatokeza juu kidogo ya kiwiko, kikamburura kwa mkono huo huo uliovunjika, kidato kwa kidato, kichwa kikigonga kila pembe, naye akiita jina la mwanawe mpaka mlango wa dari ulipofungwa. Bi Sichana aliyejaribu kumzuia alipigwa teke akavunjika mbavu. Alitambaa na mtoto mpaka nje, Muhiddin nyuma yake.

Waliketi kwenye baraza ya jirani. "Nenda Chukwani," Bi Sichana alisema akihema. "Lipate jina. Urudi, upande mpaka juu, umwambie sikioni. Utapigwa. Upande hivyo hivyo."

Muhiddin alikamata baiskeli ya mtu na kukanyaga mpaka mapafu yakawaka. Alimkuta Bi Biasha, shangazi wa Time, uani anapepeta mchele, akamwuliza jina la mamake Time.

"Mambo ya kale hayo," alisema. "Kaka yetu alituaibisha."

"Mwanenu anauliwa, bibi! Mkono wake nimeuacha umetoka mfupa!"

Ungo ulimponyoka. Bi Biasha alimvuta karibu na kumwambia polepole kwamba mwanamke yule aliitwa Mwanapili, na kwamba alikuwa mtu mwema. Kisha akajifunika uso kwa kanga.

Aliporudi Kiponda adhana ya magharibi ilikuwa imeshaanza. Mlango ulikuwa wazi. Juu, Time alikuwa akilia kilio cha chini, cha mtu aliyepungukiwa nguvu, na kati ya vilio ulisikika mshindo wa kitu laini kinachopigwa ukutani, kisha kimya, kisha mshindo. Bi Sichana, mtoto mapajani mwake, alimwonyesha ngazi kwa kidevu.

Muhiddin aliingia. Kwenye kidato cha kwanza alichanwa kifua. Kwenye cha pili kidole cha moto kiliingia katika lile jeraha la mkono wake na kuchimba, na harufu ya nywele ikamjaa kooni, na juu yake akaona giza lililosimama kama mtu likimngojea, refu kupita ngazi yenyewe, na uoga ukamshinda. Nisimtetee. Alimpenda mkewe, na alirudi nyuma. Alikimbia mpaka barabarani, akageuka, akafanya kile alichokifanya kila siku ya kazi, akaita kwa sauti kubwa, kutoka mbali, yeye aliyekuwa salama:

"Time binti Mwanapili!"

"Ole wako!" Bi Sichana alisema.

Mshindo ulikoma. Zilisikika hatua zikishuka, nyepesi, za kike. Kisha Time alitoka mlangoni, uso umevimba, mkono wa kulia unaning'inia na mfupa uko nje. Nyuma yake alitoka Time, uso umevimba, mkono wa kulia unaning'inia na mfupa uko nje. Walisimama kizingitini bega kwa bega. Wote wawili walimtazama mtoto, na machozi yakawatoka wote kwa pamoja.

"Usimwachie mtoto!" Muhiddin alisema, lakini Mwanakheir alikuwa ameshachomoka mikononi mwa Bi Sichana. Alikimbia kwa yule aliyetoka kwanza, akamkumbatia kiuno. Yule mwengine alivutwa ndani, na mlango ukajifunga kwa kishindo mbele ya uso wake.

Muhiddin alijitupa kwenye mbao, akapiga kwa ngumi, hakujua anampigia nani. Ndani, mtu alikuwa akikwaruza kwa kucha.

"Babake Mwanakheir," sauti ya Time ilisema, karibu kabisa, kwenye ufa. "Mimi niache. Mimi basi tena. Mnyang'anye mtoto."

"Wewe nani? N'apie!"

"Mnyang'anye mtoto, nakuomba, wanakwenda!"

Aligeuka. Mwanamke na mtoto walikuwa wameshafika mwisho wa uchochoro, wanaelekea Darajani, kwenye njia ya Ng'ambo, bila haraka. Mwanakheir alikuwa akirukaruka na kusimulia jambo. Mwanamke alikuwa amemshika mkono, anaubembeza mbele na nyuma kwa kucheza naye, na mkono aliomshikia ulikuwa ule wa kulia, uliovunjika.