Wewe ni Nani Kitabuni?

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa mtaani kwa kazi yake, na kwa ulimi wake pia.

Kila alasiri alisimamisha cherehani, akashona vifungo kwa mkono. Hapo binti yake alimsomea riwaya, maana cherehani ikinguruma hadithi haisikiki.

Kitabu kilikuwa cha mwandishi wa zamani, aliyekwisha kufa siku nyingi. Kilisimulia ndugu wawili waliogombana. Kila asubuhi kaka mkubwa aliweka vikombe viwili mezani, lakini hakumwita mdogo wake. Alingoja aje mwenyewe kuomba radhi.

"Ana kiburi huyo mdogo mtu!" alisema Mama Sindano. "Ni mdogo wangu kabisa! Mwandishi alimjulia wapi?"

Mdogo wake alikuwa fundi pia. Mama yao alipofariki aliacha cherehani moja. Mama Sindano aliichukua siku ileile ya msiba, bila kuuliza. Mdogo wake alilia, akatoa maneno makali. Tangu hapo hawakusalimiana. Hata aliposikia mdogo wake anaumwa, Mama Sindano alisema, "Akinihitaji, mlango anaujua."

Jirani yao, mwalimu mstaafu, alikuwa ameketi akingoja shati lake. Akauliza, "Na wewe, mama, ni nani humo kitabuni?"

"Mimi? Mimi nasikiliza tu, Mwalimu."

"Wengi tunasoma hivyo. Tabia mbaya tunawagawia majirani, nzuri tunabaki nazo. Nyani haoni kundule. Na mimi ni nyani vilevile."

Binti alicheka. Mwalimu akaendelea, "Ukisoma riwaya, jiulize: haya mimi nimeyafanya? Huyu kaka, kwa mfano, kosa lake ni nini?"

Mama Sindano alifikiri. Sindano ilisimama kwenye kitambaa.

"Anaweka kikombe," alisema polepole, "lakini haendi kumwita mtu."

Akamaliza kifungo cha mwisho, akampa Mwalimu shati lake.

Kesho yake alikwenda. Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani. Hakugeuza uso.

"Nani?"

"Mimi, dada yako."

Kisukari kilikuwa kimempofusha. Mama Sindano alipiga magoti, akamshika mikono.

"Nisamehe, mdogo wangu. Cherehani ya mama ilikuwa yetu sote."

"Nilishakusamehe, dada. Nilikuwa nangoja uje nikuone." Akaibana mikono ya dada yake. "Sasa umekuja, na sikuoni."

Walilia wote wawili. Uchungu ule haukuwa na dawa.

Siku hizi mdogo mtu huketi kando ya cherehani ya mama yao. Vifungo anavishona kwa kupapasa, na havilegei. Juzi binti alifika ukurasa wa mwisho wa riwaya. Mdogo wa kitabuni alikuwa amekufa, na kikombe chake bado kiko mezani. Binti akasita.

"Soma tu," alisema mama yake mdogo. "Kaka alimwita?"

"Hakumwita, mama mdogo."

Mama Sindano alimimina chai vikombe viwili. Kimoja alikiweka mikononi mwa mdogo wake, akakishikilia mpaka alipokishika vizuri.

"Dada, umeota mvi?"

"Kichwa kizima. Zimeota nikikungoja uje."

"Na mimi nilikuwa palepale, dada, nikikungoja wewe."