Kichupa cha Zambarau

Kila alipotoka shule, Kidole alipitia karakana ya bibi yake, fundi wa redio za zamani. Jina hilo hakupewa bure, kwani hakuona kitu asikiguse.

Juzi aliigusa redio ya mwalimu mstaafu. Miongoni mwa vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani, kimoja kilitoa mwanga wa zambarau. "Hili ni pambo tu," akajiambia. Redio ilipozimwa na kupoa, alikichomoa, akakificha ndani ya soksi mkobani ili akawaringie wenzake darasani.

Leo mwalimu alikuja kuichukua redio yake. Bibi akaiwasha. Mtangazaji akasoma kwa huzuni, "Marehemu ameacha wajane wawili na..."

Hapo jirani yao, fundi wa kuchomelea, akawasha mashine. Umeme ukayumba.

"...gooooli!" redio ikapiga kelele.

"Makubwa! Wajane wamefunga goli?" mwalimu akashangaa.

Bibi akazungusha kitufe mpaka akaurudia msiba. Jirani akazima mashine, na msiba ukageuka muziki wa dansi. Kidole alijiuma midomo asicheke.

Bibi akavua miwani. "Juzi niliijaribu ikatulia kabisa. Basi, macho yamechoka. Mwalimu, nafunga karakana kabla sijaharibu mali za watu."

Kicheko kikamkauka Kidole. Karakana ndiyo furaha ya bibi yake! Akaitoa ile soksi mkobani, akamwonyesha kichupa.

"Bibi, si macho yako. Ni mimi. Nilidhani ni pambo."

"Pambo! Mjukuu wangu, huyu ndiye mlinzi. Ndani yake mna gesi. Umeme ukizidi, gesi inapitisha mwingi, inaimeza ile ziada. Ukipungua, inapitisha kidogo. Wenzake wanabaki na kipimo kilekile. Asipokuwepo, stesheni zinahamahama."

Akazima redio, akakirudisha kichupa, akaiwasha tena. Jirani alichomelea mpaka akachoka, na tangazo liliporudiwa, marehemu akasomewa lote kwa heshima, bila goli hata moja.

"Kwa hiyo hufungi, Bibi?" Kidole akauliza kwa sauti ndogo.

"Sifungi. Kugusa kwako nimekuzoea. Kilichoniuma ni kunyamaza siku mbili. Ukificha kosa lako, mtu mwingine atalibeba bila kujua. Mimi nililibeba, nikajiona nimezeeka kwa siku moja. Umesema kweli, na macho yangu yamepona."