Kishikio cha Filimbi

Haya yalimpata rafiki yangu, mpiga kinanda wa kanisa, ambaye si mtu wa kuzusha mambo. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akisimama kushoto kwake na kumvutia vishikio vya mbao vya kubadili sauti za kinanda, ambavyo hugonga tak vikivutwa, kila alipoashiriwa kwa kichwa. Mdogo huyo alipofariki, rafiki yangu alijua machozi hayatamruhusu kupiga kwenye mazishi. Akaandaa faili la midi, yaani maagizo ya muziki yanayosomwa na kompyuta, ili kinanda cha mabomba cha kwenye kompyuta kipige na kubadili sauti chenyewe.

Alilijaribu chumbani, mapazia yamefungwa, gizagiza la msiba. Wimbo ulipofika pa kuingia sauti ya filimbi, akaashiria kwa kichwa kwa mazoea. Mbao ikagonga mbao, tak, na filimbi ikaingia.

Ndipo alipokumbuka kwamba amri ya filimbi hakuwa ameiandika kwenye faili.

Akazima kompyuta, akachomoa waya ukutani. Shangazi yake akachungulia mlangoni.

“We mwana, jasho lote hilo, ulikuwa unapiga kinanda au unapiga deki? Umemaliza?”

Akaitikia kwa kichwa.

Kushoto kwake, karibu na bega, mbao ikagonga mbao.